Henga za Marehemu Severini

Jua la alasiri likishafika juu ya kiwanja chetu, lile rundo la henga za nguo huanza kupandisha mabega. Si upepo. Upepo wa Kihonda naujua, huja na vumbi lake. Hili ni joto tu, linaingia kwenye plastiki, na plastiki inakumbuka. Henga ya juu kabisa inainuka kidogo, ya chini yake inalegea, ya pembeni inajipinda kama mtu anayetaka kujikuna mgongo, na rundo zima, refu kuliko paa la karakana, linatoa mlio mdogo wa kugongana. Wageni huogopa. Sisi tunaofanya kazi hapa tunaendelea kunywa chai.

Henga hizi zilikuwa na enzi zake. Ulivua shati likiwa bado na joto la mwili, ukalitundika, na henga ikalinyonya lile joto, ikapima shati limevutika wapi na limelegea wapi. Baada ya miaka ilikuwa inayajua mabega yako kuliko mama aliyekubeba. Lengo lilikuwa shati lisikunjamane, basi, hakuna zaidi. Kisha zikaja nguo zinazojinyoosha zenyewe, unazisokomeza kwenye kikapu usiku na asubuhi unazivaa kama mpya, na henga za nchi nzima zikawa takataka. Walijaribu kuzichoma, moshi ukawaotesha watu ndoto za wenzao. Wakajaribu kuzifukia, udongo ukawa unapumua kila kiangazi. Ndipo zikaletwa kwa watu kama mimi, Pelagia, mjane, mmiliki wa matanuri mawili.

Tunang'oa ndoano za chuma kwa koleo, tunaosha, tunasaga. Tanuri la kwanza ni la kusahau. Moto wake mkali unafuta kila kitu na plastiki inatoka bubu, nzuri kwa ndoo na mabeseni. La pili ni la kukumbuka. Joto lake halizidi sana la chai ya mgonjwa, na plastiki inalainika bila kupoteza ilichojifunza. Humo ndimo tunamomimina vizibao vya mgongo. Mtu aliyepooza kiuno au aliyevunjika uti anavaa kizibao, na kizibao kinamfundisha mgongo wake kusimama, taratibu, mpaka ukumbuke wenyewe. Ukisimama karibu na tanuri hilo unahisi mabega ya watu usiowajua yakipita juu ya yako, mmoja mwenye haraka, mwingine mwenye huzuni, mwingine mbeba mizigo. Chausiku, anayeyaendesha matanuri yote mawili, anasema amezoea. Lakini nimemwona mara nyingi akitembea kwenda nyumbani kwa mwendo usio wake.

Sheria ya kazi yetu ni kuchanganya. Kizibao kimoja kitoke kwa watu wengi, ili kisiwe na msimamo wa mtu yeyote, na mgonjwa akipona akivue abaki yeye.

*

Wifi yangu Kunegunda alikuja mchana tukiwa na koleo mikononi. Ni dada wa marehemu mume wangu Severini, mwanamke asiyekaa mpaka akaribishwe mara mbili, na siku hiyo aliketi kabla sijamkaribisha, juu ya gunia la vumbi la plastiki, na kitenge chake kipya. Nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe nililijua nusu. Mwanawe Apolinari, fundi wa zile nyavu za kunasa ukungu kwenye miteremko ya Uluguru zinazoupa mji maji, alikuwa ameanguka kutoka kwenye mnara wa nyavu hizo. Uti haukukatika, ila ulisahau kazi yake. Kizibao cha mchanganyiko nilimmiminia mwenyewe, nacho kikamtetemesha kama mwenye homa. Kila mtu aliyemo ndani alitaka asimame kivyake, na mgongo wa kijana haukuwa na nguvu ya kuamua ugomvi. Sasa daktari alikuwa amesema mifupa inaanza kushikana ikiwa imepinda, na masika yakiisha kabla hajasimama, ndiyo basi tena.

"Mwanangu anahitaji plastiki ya mtu mmoja," Kunegunda alisema. "Mtu wa damu yake, mwenye umbo lake."

Jina hakulitaja, na mimi sikumsaidia kulitaja. Niliendelea kung'oa ndoano.

Severini alikuwa mwongoza kwaya ya parokia. Alikufa ghafla, na siku ya kugawa nguo ukoo wa mama yake ukaja, kama inavyotakiwa. Kwetu Waluguru mali ya mjomba huenda kwa mpwa, na mke ni mgeni aliyekaa sana. Sikulalamika, mama yangu alifanyiwa hivyo na bibi yangu pia. Walichukua suti, mashati, koti la mvua, hata soksi, na nyingi zikamwendea Apolinari. Kila nguo ilivuliwa kwenye henga yake na henga ikatupwa kitandani. Wazee wale wanajua kila kitu kinakwenda kwa nani, jembe, saa, kiti cha uvivu, ila henga hairithiwi, haijawahi kurithiwa, na hakuna aliyewaza. Watu waliobishana kutwa nzima juu ya koti moja waliniachia mume wangu juu ya shuka, kisha mmoja wao akanishauri niyatupe hayo maplastiki kwani yanajaza chumba.

Nikayarudisha kabatini. Tangu siku hiyo, bati la chumba likipata joto, nafungua mlango wa kabati nakaa kitandani. Zinainuka zote kidogo, kama alivyoinuka yeye kabla wimbo haujaanza. Zinasubiri. Kisha zinashuka. Kuna moja niliyoipenda kuliko zote, ya kijani, bega la kushoto limelala. Hiyo niliitundikia kanga yangu na kuisimulia mambo ya siku. Sioni aibu kulisema. Wapo wanaozungumza na picha, na picha haikuinulii bega.

Kunegunda alianza kwa kunikumbusha kwamba vitu vya marehemu ni vya ukoo. Nikamjibu kwamba ukoo ulivitupa kitandani kwangu kwa mikono yake mwenyewe, na yeye alikuwepo, tena ndiye aliyekunja mashati. Akapangusa vumbi la gunia kwenye kitenge. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Wifi, sikuja kudai. Nimekuja kuomba. Na nikimwona mwanangu amesimama kama kaka yangu, nitakuwa nimerudishiwa wawili."

Maneno hayo yalinichoma, maana nilikuwa nimeshayawaza. Tangu alipokaa juu ya lile gunia nilikuwa nawaza mlango wangu unafunguliwa na Severini anapita uani, mgongo umenielekea. Kizibao cha mtu mmoja hakiachi nafasi. Mgongo ukishajifunza kwake haurudi ulikotoka, na hata kikivuliwa, aliyesimama ni yule mwingine mpaka kaburini. Kunegunda alilijua hilo. Aliniambia nisimweleze Apolinari mambo mengi, mgonjwa hatakiwi kusumbuliwa akili.

*

Nilikwenda kumsumbua akili kesho yake.

Alikuwa amelala ubavu, kitanda kimesogezwa dirishani ili auone mlima. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye nyavu, na nyavu ziling'aa kidogo, mstari juu ya mstari. Alikuwa amevaa shati la mjomba wake. Lilimpwaya kooni. Nilimweleza yote: tanuri, mtu mmoja, kwamba atasimama, na kwamba atakayesimama, ukimtazama kwa nyuma, hatakuwa yeye.

Alivuta ukosi wa lile shati, akaniuliza.

"Mama, unamkumbuka yule mtani siku ya msiba?"

Nani angemsahau. Watani walikuja kama kawaida yao kuvuruga msiba, na mmoja akavaa koti la Severini, akapita katikati ya waombolezaji akiongoza kwaya isiyokuwepo, mabega juu, kidole hewani, akimkemea mwenye sauti ya tatu. Tulicheka mpaka tukalia, tukalia mpaka tukacheka.

"Alipomaliza alivua koti akalirudisha," Apolinari alisema. "Mtani huvua koti. Mimi nitavua nini?"

Akaniambia kwamba kusimama anataka, tena anataka sana, asidhani mtu kwamba analeta ujeuri. Usiku anaota yuko mnarani, nyavu zimejaa maji mpaka zinalia, na anashuka kwa miguu yake. Kwenye ndoto anasimama vibaya, kama anavyosimama siku zote, bega moja limelala kwa sababu ya mfuko wa vifaa aliouzoea tangu chuoni. Mjomba alikuwa akimgombeza kwa ajili ya bega hilo.

"Mjomba alinigombeza kwa kila kitu mwaka ule nilipokaa kwenu," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Hata kutundika shati langu kwenye kabati lake. Nilikuwa nalitundika kwa siri."

Nilimuuliza alitundika kwenye henga gani. Akasema haikumbuki vizuri, ile ya mwisho mwisho, anadhani ya kijani.

Niliaga nikatoka. Barabarani watu walinisalimia na sina hakika kama niliitikia. Nilifika nyumbani, nikafungua kabati, nikaitoa ile ya kijani nikaiweka juani dirishani, na nikaitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyemkaribisha kwa jina lisilo lake. Bega la kushoto lililala. Severini hakuwahi kulaza bega maisha yake yote. Aliyelaza bega ni kijana wa chuo mwenye mfuko wa vifaa, na mimi, tangu msiba, nilikuwa namsimulia yeye bei ya nyanya, uvivu wa wafanyakazi wangu na jinsi kitanda kilivyo kipana. Mifupa ya mjomba na mpwa inafanana, na ambaye hajasoma plastiki angekosea. Mimi nimeisoma plastiki maisha yangu yote.

Nilicheka peke yangu, nikakaa kitandani, nikalia. Kilichoniumiza si kukosea. Niliumia kwa sababu sasa nilijua la kufanya, na sikutaka kulijua.

*

Kwenye kazi yetu plastiki iliyosahau huifuata inayokumbuka, kama unga unavyoifuata hamira. Kiasi kidogo chenye kumbukumbu kinatosha kuufundisha mzigo mzima bubu. Ila bubu na yenye kumbukumbu lazima ziwe za mfinyango mmoja, la sivyo hazishikani. Henga za kabati lile Severini alizinunua pamoja, kifurushi kimoja, siku tulipohamia. Zote ni ndugu.

Henga ya kijani peke yake haitoshi kizibao. Ili Apolinari asimame kama Apolinari, zile nyingine zote zingepita kwanza kwenye tanuri la kusahau, kisha ziungane na ya kijani kwenye la kukumbuka. Severini angefutwa, asibaki kabatini wala mgongoni mwa mtu. Lakini nikizitia zote moja kwa moja kwenye tanuri la kukumbuka, mazoea ya miaka mingi yangeimeza ile ya kijani, na Severini angetembea tena Morogoro.

Chausiku alinisikiliza huku akifuta mikono. Yeye si mtu wa maneno mengi, na siku hiyo aliyasema yote.

"Kijana atasimama kwa vyovyote. Mama yake anamtaka kaka yake, wewe unamtaka mumeo. Wawili dhidi ya mmoja. Na nani atajua umewasha tanuri lipi?"

Nilimwambia kwamba Apolinari atajua.

"Hatajua. Mtu haoni mgongo wake."

Hilo ndilo lililonitisha, kwamba ni kweli. Angeamka, angesimama, angefurahi, angekwenda mnarani kwa mabega ya mtu mwingine na asijue alichonyang'anywa. Na mimi ningekuwa nakaa dirishani kumtazama akipita, ningempikia, ningemtafutia sababu za kuja nyumbani, na kila anapogeuka ningechukia uso wake kwa kuwa si ule ninaoutaka. Nilijiona wazi kabisa nikifanya hivyo. Sikujipenda, lakini nilitamani, Mungu wangu, nilitamani sana.

Nilimwambia Chausiku awashe tanuri la kusahau, kisha aende zake. Alinikumbusha nivae aproni nene. Tunaivaa kwa sababu plastiki, kabla ya kusahau, hukumbuka yote kwa mpigo mmoja, na asiyejikinga anaweza kuanguka. Niliiacha aproni msumarini.

Nilizitia moja moja. Zilipoanza kulainika, hewa ya karakana ikawa nzito na ya uvuguvugu, na mabega yangu yakapanda bila mimi kuyapandisha. Kifua kikajaa. Nikawa mrefu. Nilisimama mbele ya kwaya ambayo sikuiona, nikahisi shati linavuta kwapani mkono unapoinuka, nikahisi jasho la Jumapili shingoni, na uchovu ambao hakunieleza hata siku moja, uchovu wa mtu anayesimama wima kwa sababu watu wanamtazama. Sikuwahi kuujua. Nilidhani ilikuwa rahisi kwake.

Kisha ukaja uzito upande wa kulia. Si mkubwa. Ulikaa karibu na shingo, ukatulia pale, na bega lote likashuka kuupokea. Ilinichukua muda kuelewa ni kitu gani. Kilikuwa kichwa changu, jioni kwenye kochi, kabla hajavua shati. Bega lilikuwa limekikumbuka, mahali pake hasa, na lilikuwa limepumzika. Pale tu, katika miaka yote ile, ndipo lilipopumzika.

Halafu likaondoka. Nilikuwa mfupi tena, mbele ya tanuri, na chini yake plastiki ilikuwa inatoka ya kijivu, laini, haina habari na mtu.

Niliikusanya. Nikaisaga ile ya kijani, nikachanganya, nikawasha tanuri la pili.

*

Kizibao kilimkaa Apolinari kama ngozi. Hakikumtetemesha. Siku za mwanzo alilala tu nacho, kisha akaketi, na mvua zikiwa bado zinanyesha tuliitwa kumwona akisimama. Chumba kilijaa. Wazee wa ukoo walikuja, wale wale wa koti, na mmoja alileta kamera. Kunegunda alivaa nguo aliyovaa kwenye harusi ya kaka yake. Nilipoiona nguo ile nilitaka kumvuta pembeni nimwambie, na sikuthubutu. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Apolinari alijisukuma kutoka kitandani akituelekezea mgongo, uso dirishani. Magoti yalicheza, yakashika. Uti ukapanda pingili baada ya pingili. Kunegunda alikuwa ameweka kiganja mdomoni, anasubiri mabega yainuke.

Hayakuinuka. La kushoto likalala, la kulia likapanda kidogo, shingo ikajitokeza mbele kama ya mtu anayetafuta kitu alichodondosha, na akasimama hivyo, ovyo kabisa, mwenyewe.

Nilimwona Kunegunda akiutazama ule mgongo kutoka juu hadi chini, akirudi juu tena, anamtafuta mtu humo. Uso wake ulivunjika. Nilijua analilia nini, kwa kuwa nilikuwa nimekililia mbele ya tanuri. Aligeuka akanitafuta kwa macho mpaka akanipata mlangoni.

"Wifi," alisema taratibu, "mbona huyu ni Apolinari tu?"

"Ndiye, wifi," nilimjibu. "Ni Apolinari tu."

Alibaki kunitazama. Kisha akamwendea mwanawe, akainua mkono, na akampiga kofi la nguvu kwenye lile bega lililolala, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa akimtuma dukani, akamwambia asimame vizuri mbele ya watu.